Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Viwambo vya Sauti vya Zamani Vimeachwa?

Katika toleo lililopita tuliandika juu ya mabomba ya kutolea moshi ya pikipiki na jenereta hapa Lubumbashi, na tukagusia kwamba Mmarekani aliyeanza kuuza kibiashara kiwambo cha sauti cha bunduki, yaani chombo kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza mlio, ndiye huyohuyo aliyejijengea jina kwa kutuliza mlio wa injini. Wasomaji wameliuliza jambo hilo kwa upana kuliko tulivyotazamia. Tumechagua barua nne, na ya kwanza ndiyo tunayoijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu ya nyingine yanaitegemea.

Swali la mwanafunzi wa umekanika, komuni ya Kampemba

*Ndugu Mhariri, nimeona picha za viwambo vya sauti vya mwanzoni mwa karne iliyopita na vya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, vingine vikiwa na vizibo vya mpira ndani, vingine vimejazwa wavu wa nyaya. Leo karibu miundo hiyo yote haitumiki tena. Wenzangu darasani wanasema iliachwa kwa sababu haikuwa na uwezo, lakini nimesoma mahali kwamba baadhi yake ilituliza mlio kuliko viwambo vya leo. Nani anasema kweli?*

Ulichosoma ni kweli, ndugu, na hapo ndipo historia hii inapomfaa fundi yeyote, hata asiyetaka kugusa bunduki maishani mwake. Ni mara chache kiwambo cha sauti kuachwa kwa sababu kilishindwa kutuliza mlio. Miundo mingi iliyoachwa ilifanya kazi yake vizuri sana siku ya kwanza. Kilichoiangusha ni yale yaliyofuata, yaani joto, masizi, uchakavu, aina ya risasi iliyokuwapo ghalani, na namna bunduki yenyewe inavyojipakia.

Tuanze na mlio wenyewe. Bunduki inapofyatuliwa hutoa sauti kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni gesi ya baruti, ambayo hutoka kwenye mdomo wa mtutu ikiwa na shinikizo kubwa na joto kali, ikalipuka hewani. Ya pili ni mpasuko unaofanywa na risasi yenyewe ikiwa inakwenda kasi kuliko sauti, ambayo katika hewa ya nyuzi 20 husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Risasi za bunduki nyingi za kijeshi huondoka kwa mita 700 hadi 900 kwa sekunde, kwa hiyo hubeba mpasuko huo njia nzima. Ya tatu ni vyuma vya bunduki vinavyogongana wakati wa kujipakia. Kiwambo cha sauti hushughulikia ile ya kwanza peke yake: huipa gesi vyumba vya kupanukia na vikwazo vya kuipunguzia kasi, ili itoke polepole na ikiwa imepoa, kama vile upepo wa gurudumu unaotolewa kwenye valvu usivyofanana na gurudumu linalopasuka barabarani. Mpasuko wa risasi na mgongano wa vyuma hubaki palepale. Ukilishika jambo hilo, utaelewa kwa nini kiwambo hakiwezi kupimwa kikiwa peke yake, bali hupimwa pamoja na risasi yake na bunduki yake.

Hiram Percy Maxim alipewa hataza yake Marekani tarehe 30 Machi 1909. Huyu alikuwa mwana wa Hiram Stevens Maxim, aliyebuni bunduki ya rashasha iliyobeba jina la ukoo huo, silaha ambayo mpelelezi Stanley aliipitisha katika nchi yetu ya Kongo kwenye msafara wake wa kumtafuta Emin Pasha ulioanza mwaka 1887. Baba aliharibika masikio kwa miaka ya kufyatua mashine zake mwenyewe, na mwana akatafuta namna ya kutuliza mlio. Muundo wake ulikuwa na vikwazo vilivyopindwa ili gesi izunguke ndani badala ya kukimbilia nje, na katika toleo la mwaka 1910 tundu la risasi liliwekwa upande wa juu badala ya katikati, ili chombo kisimzibe mpigaji macho anapolenga. Kilikuwa chombo cha kuheshimika. Wawindaji na walenga shabaha walikinunua, Theodore Roosevelt akiwa mmoja wa waliokuwa nacho, na jeshi la Marekani lilikifanyia majaribio kwenye bunduki yake ya Springfield.

Mbona basi muundo huo haukuendelea? Vikwazo vilivyopindwa vilikuwa vigumu kuvitengeneza kuliko visahani vya kawaida vya chuma vyenye tundu la kupitisha risasi, na faida yao juu ya visahani hivyo haikuwa kubwa kiasi cha kulipia ugumu huo. Tundu lililowekwa upande mmoja lilidai kiwambo kifungwe kwa pembe sahihi kila mara, la sivyo uzito wake na tundu lake havikukaa panapostahili. Risasi za kijeshi, kwa kuwa zilikwenda kasi kuliko sauti, ziliendelea kupasua hewa, na mnunuzi aliyetarajia kimya alisikia bado kishindo. Kisha ikaja sheria. Mwaka 1934 Marekani ilipitisha Sheria ya Taifa ya Silaha, iliyotoza dola 200 kwa kila uhamisho wa kiwambo, fedha iliyozidi mara nyingi bei ya chombo chenyewe, na soko la raia likadumaa kwa miongo kadhaa. Hata hivyo tusiitwishe sheria lawama yote, maana kabla ya mwaka huo kampuni ya Maxim ilikuwa imekwisha kuelekeza nguvu zake kwenye injini, mashine za kusukuma hewa na mitambo ya viwandani, ambako kelele haikomi mchana wala usiku na mteja yuko tayari kulipa. Wazo la tundu la pembeni, kwa taarifa yako, halikufa kabisa: limerudi katika baadhi ya viwambo vya bastola, ambako mpigaji bado hulenga kwa vilengeo vya chuma vilivyo chini sana.

Vizibo vya mpira ndivyo vinavyostahili maelezo marefu, kwa sababu ndivyo vilivyotoa kimya kikubwa zaidi na ndivyo vilivyoachwa kwa uhakika zaidi. Hapo risasi hupita katika kisahani cha mpira kinachoibana, na baada ya risasi kupita mpira hujirudi na kuikamata gesi iliyo nyuma yake. Hakuna kisahani cha chuma kinachoweza kufanya hivyo, kwa kuwa tundu la chuma lazima liwe pana kuliko risasi na gesi hupenya hapo. Waingereza walitumia mbinu hiyo katika bastola ya Welrod, iliyobuniwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya mawakala wa siri, na hadi leo wataalamu huitaja miongoni mwa silaha zenye kimya zaidi zilizowahi kutengenezwa. Lakini kila risasi huung'ata mpira. Baada ya risasi kumi au kumi na tano hivi kimya cha Welrod kilikuwa kimepungua waziwazi, na vizibo vilihitaji kubadilishwa. Jeshi la wanamaji la Marekani lilipata shida hiyohiyo huko Vietnam kwa bastola iliyopewa jina la Hush Puppy, ambayo vizibo vyake vya akiba vilifungashwa pamoja na risasi zake, kwa kuwa ilijulikana tangu mwanzo kwamba baada ya risasi dazeni mbili tu hivi vitakuwa vimechoka.

Kuna gharama nyingine iliyojificha ndani ya mpira, nayo ni usahihi. Risasi inayoguswa na kitu chochote baada ya kuuacha mtutu hupoteza sehemu ya utulivu wake angani. Kwa bastola ya kutumika hatua chache kutoka kwa mlengwa hilo halikuwa na uzito. Kwa bunduki ya masafa lilikuwa na uzito mkubwa. Mpira pia hukauka ghalani, hugumu katika baridi kali na huungua kwa moto wa baruti. Warusi walikutana na hayo yote, kwani kiwambo chao cha Bramit, kilichofungwa kwenye bunduki ya Mosin-Nagant, kilitegemea vizibo vya mpira katika nchi yenye majira ya baridi kama yale.

Warusi hao ndio wanaotupa mfano bora wa muundo ulioachwa kwa sababu zilizo nje ya kiwambo chenyewe. Walipotengeneza kiwambo cha PBS-1 kwa ajili ya Kalashnikov, waliunda pia risasi nzito yenye mwendo ulio chini ya sauti, ili kuuondoa ule mpasuko wa angani. Ikazuka shida: baruti ya risasi hiyo ilikuwa kidogo mno, na bunduki ambayo hujipakia kwa nguvu ya gesi haikupata nguvu ya kutosha. Kizibo cha mpira kikafanya kazi mbili kwa pamoja, maana kilipoizuia gesi kwa kitambo kilituliza mlio na pia kilirudisha shinikizo lililohitajika kuisukuma mashine. Mpira ulipochakaa, askari hakupoteza kimya tu. Bunduki yake nayo iliweza kukataa kujipakia. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 Wasovieti hawakutafuta mpira bora zaidi, bali walianza upya kabisa: risasi ya milimita 9 yenye uzito wa gramu 16 hivi na mwendo wa karibu mita 290 kwa sekunde, pamoja na bunduki mbili, VSS na AS Val, zilizojengwa kuizunguka risasi hiyo tangu mwanzo, kiwambo kikiwa sehemu ya mwili wa silaha. Mpira ukakosa kazi ya kufanya. Ndugu mwanafunzi, ukikumbuka mfano mmoja tu wa jibu hili, ukumbuke huu.

Wavu wa nyaya ulikuwa na kisa kingine. Bastola ndogo ya HDM, iliyotengenezwa na kampuni ya High Standard kwa ajili ya idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa vita, ilikuwa na wavu uliofyonza joto la gesi, na kwa risasi ndogo ya .22 ilinyamaza vizuri mno. Rubani Francis Gary Powers alikuwa nayo ndege yake ya upelelezi ya U-2 ilipoangushwa juu ya Urusi tarehe 1 Mei 1960, na Wasovieti wakaionyesha hadharani Moscow. Wavu ni mzuri kwa sababu una eneo kubwa la kugusana na gesi, na ni mbaya kwa sababu hiyohiyo: masizi na madini ya risasi yaliyoyeyuka hujaa katika kila kitundu, na kuusafisha ni kazi isiyomalizika. Pia nyaya nyembamba huungua upesi pale silaha inapofyatua mfululizo. Sten ya Waingereza iliyofungwa kiwambo ilikuja na agizo kwa mtumiaji apige risasi mojamoja, kwani kumimina risasi kuliharibu kilichomo ndani. Silaha ya kumimina risasi ambayo haitakiwi kumimina ni ushahidi wa kutosha kwamba muundo wake ulikuwa wa muda.

Linabaki kundi la viwambo vilivyojengwa pamoja na mtutu uliotobolewa, mfano wake mashuhuri ukiwa MP5SD ya Wajerumani iliyotoka katika miaka ya 1970. Matundu ya mtutu huivujisha gesi mapema, ili hata risasi ya kawaida ya duka lolote itoke na mwendo ulio chini ya sauti. Ulikuwa werevu mkubwa wakati risasi za mwendo mdogo zilipokuwa adimu. Risasi hizo zilipopatikana kwa urahisi, watu walianza kuuliza kwa nini wanunue silaha inayoipunguzia nguvu kila risasi, iwe kuna haja ya kimya au hakuna, wakati kiwambo cha kufungua na kufunga humwachia mtumiaji uamuzi.

Unaona basi kwamba wenzako wanakosea kidogo na wewe unapatia: vizibo vilinyamaza kuliko vyuma vya leo. Wahandisi waliviacha wakijua wanapoteza desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) kadhaa za utulivu, kwa kuwa walipata chombo kinachodumu kwa maelfu ya risasi, kisichogusa risasi, na kinachofanya leo kama kilivyofanya jana.

Swali la muuguzi, komuni ya Katuba

*Ninahudumia wagonjwa wa masikio, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa migodini na vijana wa jenereta. Je, ni kweli kwamba bunduki yenye kiwambo haiwezi kuumiza sikio, kama tunavyoona katika filamu ambapo mtu hupigwa risasi na aliye chumba cha pili hasikii?*

Hapana, Mama, na tunakushukuru kwa kuuliza. Bunduki ya kijeshi isiyo na kiwambo hufikia desibeli 160 au zaidi karibu na sikio la mpigaji. Kiwambo kizuri hupunguza kati ya 20 na 35. Kinachobaki huwa karibu na desibeli 130 hadi 140, na 140 ndiyo kiwango ambacho wataalamu wengi hukitaja kuwa mpaka wa hatari kwa mlio wa ghafla. Kwa hiyo hata mwenye kiwambo anashauriwa kuvaa kizibo cha sikio. Ile sauti ndogo ya filamu inawezekana kwa silaha chache mno, zile za Welrod na HDM tulizozitaja, zenye risasi dhaifu na mashine inayokokotwa kwa mkono au iliyo ndogo kabisa.

Lakini swali lako linagusa jambo ambalo limebadilisha miundo katika miaka ya karibuni kuliko jambo lolote lingine. Majeshi yalianza kumpa kila askari kiwambo, si wajumbe wa siri pekee. Kikosi cha Marines cha Marekani kilianza kuvigawa kwa wapiganaji wake wa miguu mwishoni mwa mwaka 2020, na bunduki mpya ya jeshi la nchi kavu la Marekani iliyochaguliwa mwaka 2022 ilichaguliwa ikiwa na kiwambo chake. Sababu kubwa ni masikio ya askari wenyewe na uwezo wao wa kusikia amri, kwa kuwa gharama ya uziwi wa maveterani ni mzigo unaojulikana. Hapo ndipo kosa la viwambo vya kawaida lilipojitokeza. Kadiri kiwambo kinavyoizuia gesi kwa ukali, ndivyo gesi hiyo inavyotafuta njia ya kurudi nyuma, kupitia mtutu hadi kwenye mashine ya bunduki, na kutoka hapo hadi usoni mwa mpigaji. Bunduki huanza kujipakia kasi kupita kiasi, vipuri huchakaa upesi, masizi hujaa, na askari huvuta pumzini moshi wenye madini ya risasi na gesi zenye sumu.

Ndiyo sababu visahani vilivyopangwa ili kukamata gesi yote, ambavyo vilikuwa fahari ya watengenezaji kwa miongo mingi, sasa vinaanza kuachiwa nafasi na miundo inayoipitisha gesi mbele kwa njia zilizopindwa. Baadhi ya viwambo hivi vipya, vikipimwa kwa kipaza sauti kilichowekwa kando, havionekani vimenyamaza kuliko vya zamani. Vinachaguliwa hata hivyo, kwa ajili ya mapafu na macho ya mtu aliyeishika bunduki. Binafsi naona ni uamuzi wa haki, na laiti wenye karakana za kuchomea na migodi ya hapa kwetu wangepima vumbi na moshi unaomwingia mfanyakazi kwa bidii ileile wanayopimia uzalishaji, wewe Mama ungekuwa na foleni fupi zaidi mlangoni.

Swali la mfanyakazi mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, komuni ya Kenya hapa Lubumbashi

*Nimesikia kwamba kobalti yetu imo ndani ya viwambo hivi. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni?*

Ni kweli, Mzee, ingawa sehemu yake ni ndogo sana ukilinganisha na kobalti inayokwenda kwenye betri.

Maelezo yake yako hivi. Ndani ya kiwambo cha bunduki inayofyatua kwa wingi, kisahani cha kwanza kilicho karibu na mdomo wa mtutu hupokea gesi yenye moto mkali pamoja na chembe za baruti ambazo hazijaungua, na chembe hizo hukikwangua kama mchanga. Viwambo vya aluminiamu vilikuwa vyepesi na rahisi kuchongwa, na bado vinafaa kwa risasi ndogo ya .22, lakini aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 na hupoteza nguvu zake mapema zaidi kabla ya kufika hapo. Kwenye bunduki kubwa zinazofyatua mfululizo ikaachwa. Titani ilichukua nafasi kwa wepesi wake, na wawindaji wanaipenda kwa haki kabisa, kwa kuwa wao hupiga risasi moja au mbili na kurudi nyumbani. Lakini ikipata joto jingi nayo hulegea, na chembe za moto huruka kutoka ndani yake, jambo ambalo askari wa usiku hawezi kulivumilia.

Ndipo zilipoingia aloi zinazobaki ngumu hata zikiwa nyekundu kwa moto. Moja ni Inconel, ambayo msingi wake ni nikeli. Nyingine ni Stellite, aloi ya kobalti na kromi iliyobuniwa na Mmarekani Elwood Haynes mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo ilikwisha kutumika kuvika ndani ya mitutu ya bunduki za rashasha, zikiwemo za M60, kabla ya watengenezaji wa viwambo kuichukua kwa ajili ya kisahani kile cha kwanza. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini mwetu, kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Hatuwezi kusema punje ipi imeishia wapi, lakini kiwandani Stellite haiwezi kutengenezwa bila kobalti. Katika karakana za hapa utaikuta Stellite bila kwenda mbali, kwenye valvu za injini kubwa na kwenye meno ya misumeno ya mbao ngumu, kwa sababu zilezile za joto na mkwaruzo.

Sifa ya chuma kipya imebadilisha hata umbo. Zamani kiwambo kilikuwa bomba lenye visahani vilivyopangwa ndani na kubanwa kwa kifuniko cha skrubu, ukikifungua, unakisafisha. Siku hizi baadhi hujengwa kwa mashine inayoyeyusha unga wa titani au Inconel tabaka juu ya tabaka, na hutoka kikiwa kipande kimoja chenye njia za ndani ambazo hakuna mashine ya kukereza chuma ingeweza kuzichonga. Wako wanaosikitika kwamba chombo cha namna hiyo hakifunguki, nami nawaelewa, kwa kuwa fundi hupenda kitu anachoweza kukitazama ndani. Lakini kile kipindi kirefu ambacho mfano wa Maxim wa vikwazo vilivyopindwa ulionekana kuwa mgumu mno kutengenezwa kimekwisha. Gesi kuzungushwa badala ya kuzuiwa, wazo la mwaka 1909, sasa linawezekana kwa gharama inayobebeka, na linajadiliwa upya na wahandisi ambao babu zao walikuwa hawajazaliwa lilipoandikwa.

Swali la fundi wa kuchomea, barabara ya Likasi

*Mteja wangu ana gobori la kuwindia na anaumwa masikio. Ameniomba nimtengenezee kiwambo kwa bomba la pikipiki. Naomba vipimo.*

Kaka fundi, vipimo hatutavitoa, na tunakuomba umwambie mteja wako hapana. Silaha na risasi katika nchi yetu zinaongozwa na sheria-agizo namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, uliopitishwa Aprili 2010 na kuanza kutumika Machi 2017, hautaji bunduki na risasi peke yake, bali pia vipuri vinavyoweza kutumika kuzitengeneza, kuzirekebisha au kuziunganisha. Katika mkoa huu, ambako watu wamechoka na silaha zisizo na mwenyewe, fundi anayekutwa na chombo kama hicho kwenye meza yake hatapata nafasi ya kueleza habari za masikio ya mteja. Ni kweli kwamba huko Finland na Norway mwindaji mwenye leseni hutumia kiwambo bila mtu kushtuka, lakini huko kinauzwa dukani, kikiwa kimetengenezwa kwa ajili ya bunduki inayojulikana na kwa mujibu wa sheria ya nchi hizo.

Liko pia jambo la mwili. Bomba la moshi la pikipiki limetengenezwa kwa ajili ya gesi ya injini, ambayo shinikizo lake halikaribii hata kidogo lile la baruti, na gobori huenda likatoa mchanganyiko wa chembe ambao hakuna aliyeupima. Bomba likiwa limefungwa bila kunyooka sawasawa na mtutu, kilichotoka kwenye bunduki hugonga kikwazo cha kwanza na vyuma huruka karibu na mkono na uso wa mpigaji. Vizibo vya masikio vya sponji hupatikana katika maduka ya vifaa vya usalama wa migodini hapa mjini kwa bei ndogo, na mwindaji anayevivaa kabla ya kufyatua ataepuka madhara zaidi. Ikiwa masikio yake tayari yanavuma usiku, mwelekeze hospitalini apimwe kabla msimu wa kuwinda haujaanza tena.